'Gogo lilipasuka': Tumsaidie vipi mwanafunzi wa sanaa kuihakiki kazi yake?

Juma lililopita nilishinda kutwa katika ukumbi wa chuo kikuu kimoja humu nchini, nikiwa mtahini wa nje wa maonyesho ya wanafunzi wa sanaa. Niseme mapema kwamba mimi si mchoraji. Ukinikabidhi brashi leo nitakuharibia turubai. Walioniita walikuwa na sababu yao: baadhi ya wanafunzi waliomba kuandika maelezo ya kazi zao kwa Kiswahili, na idara ikaona afadhali imwite mtu wa lugha asaidie kuyapima.

Kando ya kila kazi palibandikwa kadi. Kwenye kadi hiyo mwanafunzi alitakiwa aandike tafakuri yake: alikusudia nini, alifanya nini, na sasa anaionaje kazi aliyoifanya. Kadi ina alama zake, tena si haba. Nilianza kusoma saa tatu asubuhi. Kufikia saa tano nilikuwa nimeshakutana na sentensi moja, kwa sura mbalimbali, mara zisizopungua kumi: "Kazi hii inaakisi safari ya utambulisho wangu katika jamii inayobadilika."

Hebu tuikague sentensi hiyo. Kisarufi haina ila. Upatanisho umezingatiwa, msamiati ni teule, hata mwalimu wa insha angeitia alama ya vyema. Lakini ichomoe kando ya picha ya soko uliyoikuta nayo, uibandike kando ya chungu. Haitalalamika. Ibandike kando ya kinyago, itakaa vizuri tu. Huo ndio mtihani ninaoutumia siku hizi: ihamishe kadi hadi ukuta wa pili, kisha uangalie kama kuna kinachovunjika. Kama hakuna, basi aliyeiandika hakuwa akiitazama kazi yake aliposhika kalamu. Alikuwa akimtazama mtahini.

Kitenzi "akisi" nacho kina kesi ya kujibu. Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiswahili matumizi yake ya msingi ni ya kioo, maji na mwanga. Kioo huakisi bila ya kujua kinachoakisi. Sisi wahakiki wa fasihi tulikichukua kitenzi hiki tukakifanya cha kila shughuli: riwaya inaakisi jamii, shairi linaakisi maisha, jalada la kitabu linaakisi maudhui. (Nimeogopa kuhesabu ni mara ngapi kimo katika tasnifu yangu mwenyewe.) Sasa wanafunzi wa sanaa wamekipokea kutoka kwetu, na baadhi yao wanaliita zoezi zima "kuakisi kazi yangu". Mtu haakisi kazi yake. Huitafakari, huikagua, huihakiki. Na "hakiki" ni ndugu wa "haki" na "hakika". Anayehakiki anatafuta ukweli wa jambo, awe anahakiki hesabu za chama cha ushirika au sanamu aliyoichonga mwenyewe.

Ninalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu nina deni.

Miaka mingi iliyopita, katika chuo kingine, niliketi kwenye jopo kama hili. Kijana mmoja alileta sanamu ya kichwa cha mzee, aliyoichonga kwa tezo na patasi kutoka kwenye gogo la jakaranda. Jakaranda ni mti mwepesi kuchongeka, wachongaji wetu wameuzoea, lakini ukichongwa ungali mbichi una tabia ya kupasuka unapokauka. Uso wa mzee yule haukutazama mbele kama tulivyozoea. Uligeukia bega la kushoto, kama mtu aliyesikia akiitwa, na kutoka utosini hadi kwenye taya palikuwa na ufa ambao kijana aliuchonga ukawa kama kovu. Kadi yake ilikuwa na maneno sita: "Gogo lilipasuka. Nikaufuata ufa. Uso ukageuka."

Jirani yake alikuwa ameandika kurasa mbili. Zilikuwamo ukoloni mamboleo, utandawazi, na Frantz Fanon ametajwa mara nne. Kazi yenyewe ilikuwa mchoro wa ramani ya Afrika iliyofungwa minyororo. Tulimpa jirani 17 kwa 20 kwa tafakuri. Mchongaji tulimpa 4. Aliyeandika kando ya alama zile "Hakuna tafakuri hapa" ni mimi, kwa mkono wangu, kwa wino mwekundu. Alama hizo zilimshusha daraja ya shahada. Baadaye alinifuata kwenye varanda akaniuliza kwa adabu, "Prof, mlitaka niseme nini tena?" Nikamjibu kitu kuhusu kina. Sikumbuki nilichosema, na sidhani yeye anakumbuka.

Nimeirudia kadi ile kichwani mara nyingi. Itazame kwa jicho la mwanasarufi. Sentensi ya kwanza imo katika kauli ya kutendeka: gogo lilipasuka, halikupasuliwa na mtu. Ya pili ina mtenda, naye ni "mimi": nikaufuata. Ya tatu inarudi kwenye kutendeka: uso ukageuka, yaani matokeo yalikuja kwa kuufuata ufa, si kwa amri ya mchongaji. Kiambishi -ka- nacho kinaziunganisha hatua mbili za mwisho na ile ya kwanza, hii ikazaa ile. Kijana alikuwa ametueleza, kwa vitenzi vitatu, ni wapi mti ulipoamua, ni wapi yeye alipoamua, na ni wapi uamuzi wa wote wawili ulipoishia. Zile kurasa mbili za jirani yake zilikuwa na vitenzi vingi, lakini mtenda wa karibu vyote alikuwa mmoja: "kazi hii". Kazi hii inahoji, kazi hii inasawiri, kazi hii inadhihirisha. Mchoraji mwenyewe hakuonekana popote, wala penseli yake, wala karatasi.

Hapa ndipo ninapoona lugha yetu inaweza kumfaa mwalimu wa sanaa kuliko miongozo mingi inayoletwa kwenye masanduku. Kiswahili kinatulazimisha kuchagua kati ya pasuka na pasua, fifia na fifisha, mwagika na mwaga, geuka na geuza. Mwanafunzi wa ufinyanzi akiandika "chungu kilipasuka tanurini", mwalimu ana swali lililo tayari: kilipasuka, au ulikipasua? Udongo ukitiwa motoni ungali na unyevu, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kukipasua chombo. Kwa hiyo huenda sentensi ya kweli ni "nilikipasua kwa kukichoma kabla hakijakauka". Upande wa pili wapo wanaojitwalia sifa isiyo yao. Rangi imechuruzika yenyewe ikaacha mstari mzuri, naye anaandika "nimeuchora mstari huu ili kuonyesha majonzi". La hasha. Ulichuruzika, ukaupenda, ukauacha. Kuuacha nako ni uamuzi, tena wa kisanaa hasa. Kwa nini uufiche?

Narudi kwenye maonyesho ya juma lililopita. Binti mmoja alikuwa na vyungu vitatu na kadi ya maneno mazito nisiyoyaelewa. Nikamwomba aiache kadi ukutani, anisimulie kwa mdomo tu, kwa lugha yoyote. Akaangalia huku na huko kama anayetaka kuvunja sheria, kisha akagusa chungu cha kati. "Hapa, Prof, nilichoma."

Nikadhani anazungumzia tanuri. Akacheka. Alikuwa anatumia "kuchoma" ya Sheng', ya kuharibu mambo. (Kwa mfinyanzi neno hili limebarikiwa kuwa na maana mbili, na siku nyingine huwa zinakutana.) Akanieleza kwamba alikisugua chungu upande mmoja kwa kijiwe laini mpaka kikang'aa, mkono ukachoka, upande wa pili akaumaliza harakaharaka. Moto ulipopita, upande mmoja ukatoka mweusi wa kung'aa, ule wa pili ukatoka kijivujivu wenye madoa. "Halafu nikaona huu wa madoa ndio unanibamba zaidi. Kile cha tatu nikakisugua nusu kwa makusudi."

Nikamwuliza mbona hayo yote hayamo kwenye kadi. Akanitazama kwa mshangao. "Lakini hayo si ni makosa? Nani huandika makosa kwa kadi?"

Katika dakika tatu za mazungumzo ya varandani binti huyu alikuwa ameonyesha tafakuri ambayo kadi nzima haikuwa nayo. Alikuwa na tukio, sababu yake, matokeo, na zaidi ya yote, uamuzi uliohamia kwenye kazi iliyofuata. Nilimshauri akazitazame kazi za Magdalene Odundo, mfinyanzi mashuhuri aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, ambaye vyombo vyake vimo katika makumbusho makubwa duniani. Odundo hatumii gurudumu. Huvijenga vyombo vyake kwa mkono, ufundi aliojifunza kwa kina miaka ya 1970 kutoka kwa wafinyanzi wanawake wa Abuja, Nigeria. Huvisugua mpaka ving'ae kabla ya kuvichoma. Vikichomwa penye hewa ya kutosha hutoka na rangi ya machungwa inayokaribia wekundu, vikichomwa tena moto ukiwa umenyimwa hewa hugeuka vyeusi, na mara nyingine moto huacha mabaka ambayo hakuna mkono ungeweza kuyapaka. Sikumwambia binti ajilinganishe naye. Nilitaka ajue tu kwamba swali lake, la kipi chake na kipi cha moto, ni swali la mfinyanzi yeyote, hata aliyefika kule.

Basi kosa liko wapi? Mimi naona liko kwetu tunaouliza. Tunamwuliza mwanafunzi swali baya, tena tunamwuliza wakati mbaya.

Tuanze na wakati. Mwaka 1983 Donald Schön, msomi wa Marekani aliyefundisha katika chuo cha MIT, alichapisha kitabu kuhusu namna wataalamu wanavyofikiri wakiwa kazini. Alitenganisha tafakuri inayofanyika ndani ya tendo na ile inayokuja tendo likishapita. Mfano wake maarufu ni wa karakana ya usanifu majengo. Mwanafunzi aliyempa jina Petra amekwama: jengo lake la shule linakataa kukaa kwenye mteremko wa kiwanja. Mwalimu wake, Quist, hamhutubii. Anachukua kalamu, anachora juu ya mchoro wake huku akisema anachokifanya, na kila mstari unaleta tatizo jipya linalohitaji mstari mwingine. Maneno na mkono vinakwenda pamoja. Ukimtoa Quist mle karakanani ukamwambia aandike tafakuri wiki sita baadaye, utapata insha. Kadi zetu huandikwa usiku wa kuamkia maonyesho, rangi imekauka, kumbukumbu nayo imekauka, na alama zinasubiri. Tunategemea mtu akumbuke nini wakati huo?

Dawa yake haina gharama. Daftari la karakana, la bei ya chini kabisa, liwe kando ya udongo au turubai, lichafuke. Sentensi moja kila siku ya kazi inatosha. Na kwa kuwa kila mwanafunzi wa chuo ana simu, apige picha kabla ya kufuta kitu chochote. Nimewaona wanafunzi wakishtuka kuziona picha zao za hatua ya tatu na kukiri kwamba hapo ndipo kazi ilipokuwa nzuri zaidi.

Kisha swali. "Umejifunza nini?" ni swali linalozaa uongo. Mwanafunzi wa Kenya amelijibu tangu darasa la nne, na anajua jibu linalopendeza. "Kwa nini ulifanya hivi?" nalo, likija mapema, humfanya ajitetee. Mimi huanza na maswali ya mahali na vitu. Ni wapi ulipouacha mpango wako wa kwanza? Ulifuta nini? Ni kipi kilichokuja bila kuitwa, ukakikaribisha? Kama ungekuwa na juma moja zaidi, mkono wako ungekwenda wapi kwanza? Hilo la mwisho hupendwa sana, maana halimlazimishi kusema kazi ni mbovu. Yakishajibiwa hayo ndipo "kwa nini" inapopata kitu cha kushika.

Jambo la tatu ni mazungumzo ya darasani, pale wenzake wanapoikosoa kazi. Humo ndimo vijana wengi hujifunzia kuficha. Mtunzi wa dansi wa Marekani, Liz Lerman, alianzisha mwaka 1990 utaratibu wa hatua nne ambao sasa unatumiwa na walimu wa sanaa nyingi. Kwanza, watazamaji husema kilichowagusa. Pili, msanii mwenyewe huuliza maswali kuhusu kazi yake. Tatu, watazamaji humwuliza maswali yasiyobeba hukumu ndani yake. Nne, anayetaka kutoa maoni huomba ruhusa kwanza, na msanii ana haki ya kukataa.

Niliposoma kuhusu utaratibu huo mara ya kwanza niliudharau. Niliona ni kubembelezana. Nilibadili mawazo nilipoujaribu katika darasa langu la utunzi wa mashairi, na si kwa sababu ulikuwa rahisi. Hatua ya pili ilitushinda kwa majuma mawili. Nilimwambia mwanafunzi, "Haya, tuulize kuhusu shairi lako," akaniangalia tu. Amesoma miaka 15 akijibu maswali, leo aulize yeye? Alipopata swali lilikuwa "Je, ni zuri?" Ilichukua muda kufika kwenye maswali kama "Je, ubeti wa tatu unasomeka kama hasira au kama kejeli? Mimi nilitaka yote mawili." Siku alipouliza hivyo nilijua ameanza kuihakiki kazi yake bila ya kusukumwa. Hatua ya tatu nayo ni somo la lugha tosha. "Mbona umetumia rangi mbaya hivi?" si swali, ni tusi lililovaa alama ya kuuliza. "Ulikuwa unatafuta nini ulipoichagua rangi hii?" ni swali. Wanafunzi huiona tofauti hiyo haraka sana wakishaonyeshwa mara moja.

Mwenzangu mmoja mchoraji, mtu ninayemheshimu, hakubaliani nami hata kidogo. Anasema kazi ijisemee, na kwamba kumlazimisha mchoraji aandike ni kama kumlazimisha mshairi acheze mpira. Ana haki yake. Kadi ikiwa ni ya kumfafanulia mtazamaji maana ya picha, hata mimi ningeiondoa. Lakini tafakuri ninayoizungumzia si ya mtazamaji. Ni ya kazi ijayo. Yule binti asingekisugua nusu chungu cha tatu kama asingesimama kukitazama cha pili.

Ipo hatari nyingine, ninaitaja kwa ufupi. Tukishasema tunataka ukweli, wapo watakaodhani tunataka machozi. Nimesoma kadi zinazosimulia misiba ya familia ambayo haina uhusiano wowote na michoro iliyo kando yake, na nyingine nilishuku ni za kutunga. Mwalimu hana haki ya kudai siri za mwanafunzi ili ampe alama. Ukweli unaodaiwa ni wa udongo, mti, rangi na uamuzi. Akitaka kuongeza mengine, ni hiari yake.

Tusidhani pia kwamba haya yote ni ya kuagizwa ng'ambo. Watunzi wa tenzi zetu walikuwa na desturi ya kumalizia kwa kujitaja, kutaja wakati wa utungo, na kuwaomba wajuzi wayasahihishe makosa watakayoyaona. Ukisema ni unyenyekevu wa mazoea sitakupinga, lakini desturi hiyo iliacha mlango wazi: mtunzi anakiri hadharani kwamba kazi ina mahali pa kurekebishwa. Na Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, alieleza katika utangulizi ni kwa nini alitunga bila ya vina na mizani. Wengi walimpinga na wangali wanampinga. Walau walijua wanapinga nini, kwa sababu alisema alichokiacha.

Suala hili sasa limetoka vyuoni. Chini ya mtaala wa umilisi, wanafunzi wa Gredi ya 10 wanaweza kuchagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, na mkoba wa kazi za mwanafunzi ni sehemu ya tathmini. Maelfu ya vijana wataandika tafakuri, na walimu wao watazisoma usiku, kwa uchovu, wakitafuta maneno yanayofanana na yale ya mwongozo. Kijana wa maneno sita atakuwamo humo.

Mwalimu mmoja aliniambia baada ya maonyesho, "Prof, hayo ni mazuri, lakini mimi nina watoto 50 darasani." Nikamwambia asizisome kadi 50. Azungumze na watano kila kipindi wakiwa wangali wanafanya kazi, dakika tatu kila mmoja, amwulize kila mtoto alifuta nini, aandike jibu kwa maneno yaleyale ya mtoto, hata kama ni Sheng'. Kwa vipindi kumi atakuwa amewafikia wote, na muhula utakuwa haujaisha.